Ndege ya Sebuleni

Shemeji yangu Anyitike hujisifu kwamba anajua kutunza vitu. Mimi nasema anajua kuvinyima vitu maisha. Nenda kwake Nzuguni ukajionee. Makochi bado yamo kwenye nailoni yaliyotoka nayo dukani, na ukikaa mchana wa jua unainuka umelowa jasho kama uliyemwagiwa maji. Rimoti ya televisheni imo kwenye nailoni. Dada yangu Aneth, mkewe, ana vyombo vya harusi ambavyo havijawahi kuonja pilau, na binti yao Evelina sasa ana watoto wake.

Shemeji ni karani wa masjala, alihamia Dodoma na wizara yake, na kustaafu kunambishia hodi. Tangu akiwa mtoto kwao Rungwe alitamani kuwa rubani. Kwa hilo simcheki. Nilianza kumcheka aliponunua ndege ya kuongozwa kwa rimoti, yenye injini halisi ya petroli na mabawa mapana kuliko meza ya kulia, kisha akailaza juu ya kochi refu sebuleni, isiguswe. Wageni tukahamishiwa barazani. Ukimuuliza itaruka lini, anakujibu kwamba inasubiri siku yake.

Siku yake aliitaja dada, mbele yetu sote.

"Baba Evelina, Jumamosi hii iruke. Isiporuka, sebuleni kwangu hairudi. Namkabidhi Brighton."

Brighton ni mtoto wa kaka yake Anyitike, anasomea uhandisi chuoni Chimwaga, na ndiye aliyemsaidia kuiunganisha. Anyitike alikubali. Nadhani alidhani dada anatania.

Jumamosi tukaenda kwenye uwanda mtupu nje ya mji. Shemeji alivaa ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani, akatembea kwa madaha kama anayekwenda kukagua gwaride. Brighton akazungusha pangaboi. Injini ikakohoa, ikanguruma vizuri, tukapiga makofi. Haikuchukua muda ikafifia, ikazima.

Shemeji akasema ni plagi. Akaifungua, akaifuta, akairudisha. Akafunua tanki kuangalia kama mafuta yapo, yalikuwepo. Akafunga. Injini ikawaka, ikanguruma, ikazima.

Akasema oili imezidi kwenye petroli. Wakamwaga yote, wakachanganya upya, wakajaza, wakafunga. Ikawaka, ikazima. Brighton naye akatoa yake: Dodoma iko juu, hewa ni nyepesi, injini inapewa mafuta mengi mno. Akakaza skrubu ya kabureta kidogo. Wakafunua tanki, wakachungulia, wakafunga. Ikawaka. Ikazima.

"Injini mpya ina aibu," shemeji akatuelimisha, akijifuta jasho kwa leso iliyopigwa pasi. "Inabidi izoee."

"Dada yangu alikuzoea bila kuzimika, shemeji," nikamwambia.

Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka, na sikujificha.

Lakini nilikuwa nimeona jambo. Kila walipofunua tanki, injini iliwaka. Kila walipolifunga, haikufika mbali. Nikainama chini ya tumbo la ndege. Palikuwa na kimrija chembamba kinachotoka kwenye tanki, na ncha yake ilikuwa imefunikwa kipande cha nailoni na kukazwa kwa mpira, nadhifu kabisa.

"Shemeji, na hiki kimekosa nini?"

"Kiache! Hicho kipumuo cha tanki. Nimekiziba vumbi lisiingie. Si unalijua vumbi la Dodoma?"

Brighton akafunika uso kwa viganja. "Baba mdogo, hewa isipoingia, petroli itatokaje?"

Nilifurahi, tena furaha mbaya. Nikamwambia yote niliyokuwa nimeyabana kwa miaka: kwamba hata ndege ameikaba koo, kwamba angeweza angemvika nailoni na dada yangu.  Dada aliinama, akakivuta kile kipande, akakitupa chini.

Injini ikawaka. Tukasubiri izime. Haikuzima. Ilinguruma mpaka nyasi kavu nyuma yake zikalala, nami nikaishika mkia isiondoke.

"Rusha," dada akasema.

Shemeji alikuwa ameshika rimoti yake, nayo ndani ya nailoni.

"Si imeshawaka? Mmeona wenyewe, ni nzima. Tuirudishe nyumbani."

"Rusha, baba Evelina."

"Kuna upepo. Na pale pa kutua pana mawe. Itakwaruzika."

"Ulitaka kuwa rubani," dada akasema, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo.

Shemeji akaitazama ndege. Midomo ilimcheza. Alitaka, Mungu wangu, mtu yule alitaka kweli, na nikamwonea huruma, na huruma hiyo ikaniudhi kuliko ubahili wake wote. Kisha akamnyooshea Brighton rimoti.

"Chukua. Ni yako."

Yaani aliona heri aikose kuliko aikwaruze kwa mkono wake.

Brighton akamtazama dada, dada akatikisa kichwa kukubali. Brighton akachana nailoni ya rimoti kwa meno, nami nikauachia ule mkia. Ndege ikakimbia ikitimua vumbi jekundu, ikarukaruka juu ya vichuguu vidogo, kisha ikaacha ardhi. Ikapanda. Ikageuka juu ya uwanda, mabawa yake meupe yakashika jua, na dada yangu, mama mtu mzima, akapiga vigelegele huku akirukaruka kama msichana.

Nikamtafuta shemeji ili nimwambie neno la mwisho, lililokuwa limeshanifika ulimini. Hakuwa anatazama juu. Alikuwa amechuchumaa pale ndege ilipokuwa. Alikiokota kile kipande cha nailoni, akakikung'uta vumbi, akakikunja taratibu, akakitia mfukoni.