Simu ya Paris Niliyomficha Mzee Lucien

Jamani, nimekosa, na niliyemkosea tumeshamzika. Naandika kwa sababu sina tena wa kumwomba radhi.

Mimi ni mwanamke wa Tanga, naishi London. Nilibeba boksi kwenye maghala ya Hayes mpaka mgongo ukagoma, ndipo nikapata kazi ya kumtunza mzee Mfaransa huku Tooting. Nilikula na kulala kwake. Nitamwita Mzee Lucien.

Alikuwa mwigizaji. Baba yake alioka mikate na alitaka mwanawe arithi tanuri, yeye akatorokea Paris kufagia jukwaa. Mwigizaji aliyecheza mlevi alipougua, wakamsukuma yeye jukwaani. Watu walicheka hadi machozi. Akapanda mpaka akacheza wafalme, kisha sinema zikamchukua.

"Kwenye sinema wameniua mara nyingi, binti yangu," aliniambia. "Jukwaani ndiko nilikoishi."

Alimfuata mkewe Mwingereza London. Huku, kwa lafudhi yake, wakampa kuigiza wahudumu wa hoteli na mapadri tu. Mke akafa, simu za kazi zikakoma. Lakini kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa shati safi, akaniuliza, "Kuna aliyepiga?"

Siku moja akiwa bafuni, simu ikalia. Alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa mwongozaji wa michezo Paris. Alimtaka acheze babu, tena amekaa kitini mwanzo hadi mwisho.

"Ataweza?" akauliza.

"Hawezi," nikasema. "Hata majina ya watu anayasahau. Tafadhali msimsumbue."

Uongo mtupu. Alichosahau ni miwani. Michezo mizima alikuwa nayo kichwani, akinisomea nikimkata kucha.

Nilijiambia namkinga asianguke ugenini. Kumbe najikinga mwenyewe. Akienda Paris, mimi nitalala wapi?

Alipotoka akauliza, "Nani huyo?"

"Wamekosea namba, Mzee."

Akatabasamu. "Hata wanaokosea namba siku hizi wamepungua."

Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Akaacha kuuliza, kisha akaacha kunyoa. Baridi ilipoingia kifua kikambana. Hospitalini alinishika mkono akasema, "Nikifa msihangaike na magazeti. Hakuna atakayejua ni nani."

Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale. Nikamrekebishia shuka.

Mazishini wakaja watu kutoka Paris, waigizaji wazee kwa vijana. Jeneza lilipotolewa wakapiga makofi, ndivyo kwao wanavyomuaga mwigizaji, makofi yasiyokatika. Nilitamani ardhi inimeze.

Yule mwongozaji akanishika mikono. "Asante kwa kumtunza. Wote hawa walitaka kumwona, nikawaambia yale uliyonieleza kwenye simu, kwamba kumbukumbu imekwenda."

Binti yake Mzee, Elodie, alikuwa ubavuni pangu. "Kumbukumbu ya nani? Ya baba?"

Nikasema yote, nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakunitukana. Alilia kwanza, kisha akasema, "Kwa hiyo alikufa akidhani wamemsahau." Akanyoosha mkono nimpe ufunguo wa nyumba.

Siku hizi nalala kwenye kochi la shoga yangu. Lakini si kochi linaloninyima usingizi.

Wewe unayemtunza mzazi wako au mzee wa watu, usimjibie mambo yake. Mwache aseme mwenyewe naenda au siendi, hata kama jibu lake litakutoa ulipo. Chumba nilikilinda kwa uongo na bado nimekipoteza, na yeye alikwenda na huzuni ambayo neno langu moja lingeiondoa.