Mkate wa Mzee Yasini

Mama yangu, Benigna, ana ugonjwa ambao hauna dawa kwenye hospitali yoyote ya hapa Songea: hawezi kukaa na jambo moyoni. Ukimsifia mboga iliyopikwa na mtu mwingine, anakukatisha ili amtaje aliyeipika. Mchumba wangu wa kwanza alipokuja kujitambulisha, mimi nimejipamba, nimekaa sebuleni kwa adabu zote, mama akamwambia kwa upole, "Baba, nisikufiche, huyu ugali wake una madonge." Yule kaka hakurudi. Sisemi ni kwa sababu ya ugali, lakini hakurudi.

Ugonjwa huo ndio uliotaka kutuvunjia ujirani wa miaka thelathini na moja. Na chanzo kilikuwa mkate.

Mama alizaliwa Maposeni, kwenye mahindi, na bibi yangu alikuwa mpika pombe. Pombe ikianza kuchacha mtungini, bibi alichota povu la juu, akalikandia unga wa ngano na wa mahindi kidogo, akatia sukari, akaufunika kwa kitenge mpaka uumuke. Kisha aliupika kwenye sufuria, mkaa chini, makaa juu ya mfuniko. Mama aliolewa mjini na baba yangu Wilfred, akafiwa naye mimi nikiwa darasa la sita, akapika kwenye jiko la shule moja ya bweni miaka ishirini, akastaafu. Katika yote hayo hakuwahi kubadilisha ule mkate. Aliongeza iliki tu. Kila wiki anapeleka kopo kwa Aurelia, mwenye kilabu cha pombe huku kwetu Bombambili, na Aurelia anajua kwamba kopo la Mama Dorine, Dorine ndiye mimi, ni la povu, si la kunywa.

Jirani yetu ni Mama Muhsini, Myao wa Tunduru. Kati yetu kuna uzio wa michongoma wenye pengo la kupitishia sahani, na hata mtu akijibana, na kwenye pengo hilo sahani haijawahi kurudi tupu. Krismasi na Pasaka mkate ulikwenda upande ule. Ramadhani ulikwenda kila Alhamisi, na Idd ilikuwa sinia zima. Upande huu zilikuja tambi, maandazi ya nazi, pilau. Mumewe, Mzee Yasini, alikuwa fundi cherehani sokoni, mtu wa swala tano, na aliupenda mkate ule kuliko sisi wenyewe. Alipougua koo, miaka minne iliyopita, wiki tatu za mwisho hakuna kilichopita isipokuwa mkate wa mama uliolowekwa kwenye chai. Mama alikuwa anaoka kila siku. Mama Muhsini alikuwa anamlisha kwa kijiko.

Utaniuliza: kwani mama yako hakujua kwamba Waislamu hawagusi pombe? Alijua vizuri sana! Kwenye Komunio yangu ya kwanza aliwatengea soda zao meza ya peke yake. Lakini kwake mkate ulikuwa mkate. Nani amewahi kulewa mkate? Hata mimi, na elimu yangu ya cheti cha ualimu, sikuwahi kuwaza.

Sasa mwaka huu Kwaresima na Ramadhani zikaanza karibu siku moja. Alasiri moja mama anakanda unga wa Alhamisi, redio iko dirishani, sheikh anajibu maswali ya wasikilizaji. Mwanamke mmoja akauliza kuhusu keki iliyotiwa kileo kidogo kwa ajili ya harufu. Sheikh akajibu kwamba kikishatiwa kwa makusudi, kiwe kidogo kiwe kingi, keki hiyo Mwislamu aiache.

Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikasikia mikono ya mama imenyamaza kwenye beseni.

"Dorine," akasema. "Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Mawe, mama yangu! Nimemlisha Mzee Yasini pombe mpaka kaburini."

Nikaruka nikafunga mlango. Nikamwambia nyamaza mama, nyamaza hapohapo, jambo hili lifie jikoni. Kuanzia leo tunanunua hamira dukani kimyakimya, na yaliyopita si ndwele.

"Si ndwele kwa aliyeyafanya," akanijibu. "Waliofanyiwa je?"

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Mimi ndiye ninayemjua. Nilijua kwamba jambo hili litakaa ndani yake siku tatu, nne, halafu litatoka, na likitoka litaangukia wapi? Kwa mjane aliyefunga! Na si yeye tu. Muhsini, mtoto wao wa kwanza, anauza mawe ya vito Tunduru, na tangu baba yake afe ameshika dini kwa mikono miwili. Kila Idd anakuja na familia nzima. Akisikia kwamba baba yake aliiaga dunia na pombe ya kilabuni tumboni, ataisamehe nyumba yetu? Mimi nisingeisamehe.

Alhamisi hiyo tukaoka kwa hamira. Uliumuka haraka, ukajaa sufuria, ukatoka mweupe. Nikatafuna.

"Mzuri," nikasema.

"Muongo wewe," mama akasema. "Una ladha ya gunia."

Hatukuupeleka. Mama akajisingizia mgongo, na kwa mtu asiyejua kusingizia ilikuwa adhabu kumsikiliza. Mama Muhsini akatuletea dawa ya kuchulia mgongo, ya vitunguu saumu na mafuta, pamoja na bakuli la tambi. Mama akalia juu ya zile tambi. Usingizi ukampotea. Alfajiri nikiamka namkuta ameshawasha jiko na hapiki kitu. Jumamosi akaenda kuungama, akarudi amenuna.

"Padre anasema nini?"

"Padre amecheka. Halafu anasema hili si la kuungama kwake, niende kwa mwenye nalo."

Nilimkasirikia yule padre kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Yeye anacheka, anafunga kidirisha, anakwenda kunywa chai. Sisi ndio tunabaki na michongoma.

Jumatatu, saa tisa mchana, mama akavaa kitenge chake cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, kile cha misiba na sherehe, akasema anakwenda. Nikamfuata nyuma, labda nitaweza kumziba mdomo njiani. Tulimkuta Mama Muhsini amekaa kwenye mkeka barazani anachambua mchele wa Idd kwenye ungo.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mama Dorine, mgongo vipi?"

"Mgongo mzima," mama akasema. "Nilikudanganya. Habari za swaumu?"

"Swaumu njema. Umenidanganya nini?"

Basi mama akasema. Hakuzunguka. Alisema mkate wangu naukanda kwa povu la pombe, pombe ya Aurelia, toka siku ya kwanza mliyohamia hapa, na sikujua kama ni vibaya, nimejua wiki iliyopita redioni. Alisema kama mtoto anayesomeshwa mbele ya darasa. Mama Muhsini hakuinua uso. Vidole vikaendelea kutoa vijiwe, kimoja kimoja, anaviweka pembeni ya mkeka.

"Na ule wa Mzee?" akauliza.

Nikamfinya mama kiunoni. Nilimfinya kwa nguvu zangu zote.

"Ule pia," mama akasema.

Ungo ukatua chini. Mama Muhsini akatutazama, mama kwanza, kisha mimi, na sikuona machozi, niliona hasira.

"Mzee hakujua," akasema. "Mimi sikujua. Asiyejua hana dhambi, hilo hata wewe Mkristo unalijua. Ungenyamaza, ningekula mkate wako mpaka nife na ningekwenda kwa Mola wangu sina deni. Umekuja kuniambia ili iweje?"

"Ningenyamaza, dhambi ingekuwa yangu."

"Basi ungeibeba!" Akapiga mkeka kwa kiganja, mchele ukaruka. "Mimi nimekubebea mangapi, Benigna? Wilfred alipokufa nani alikaa na watoto wako? Hili moja limekushinda kubeba, umeona uje unitwishe mimi na swaumu yangu?"

Mama akafungua mdomo.

"Nendeni nyumbani," Mama Muhsini akasema. "Tafadhali. Nimefunga, sitaki kutamka neno likaniharibia siku."

Tulirudi kupitia barabarani. Hakuna aliyethubutu kupita kwenye pengo.

Siku tisa. Mwaka mzima sijawahi kuona siku ndefu kama zile tisa. Adhana ya magharibi ikilia, mama anakokota kigoda chake hadi mlango wa jikoni, anakaa kuelekea michongoma, mikono mapajani. Tulisikia vikombe vyao. Tulisikia harufu ya tambi. Hakuna mkono uliotokeza penye pengo. Nikimwambia mama, ingia ndani, mbu wanakumaliza, ananiambia, "Subiri kidogo, labda leo wamechelewa." Niliapa kwamba sitamwamkia tena Mama Muhsini, kisha nikikutana naye kwenye bomba la maji la mtaa, pale kona, shikamoo inanitoka yenyewe, naye anaitika, marahaba, basi. Hata "mama yako hajambo" hakuna.

Muhsini akafika na basi la Tunduru, na mke na watoto. Tukawasikia wanashusha mizigo. Mama akasema, "Atakuwa amemwambia." Nikasema hapana. Akasema, "Mimi ningemwambia." Nikamjibu kwamba hilo ndilo tatizo letu sote katika nyumba hii, na nikajutia palepale, maana hakukasirika, aliinamisha kichwa tu.

Siku moja kabla ya Idd, asubuhi, mjukuu wa kike wa Mama Muhsini akapenyeza sinia kwenye pengo. Lilikuwa sinia lao kubwa la bati, lile la mkate wa Idd. Juu yake kulikuwa na paketi mbili za hamira ya dukani. Hakuna salamu, hakuna ujumbe.

"Bibi kasemaje?" nikamuuliza mtoto.

"Kasema nilete."

Mama alizigeuza zile paketi kana kwamba nyuma kumeandikwa barua. "Huu ni msamaha au amri?" akauliza. Akaoka. Aliharibu wa kwanza, ukaungua chini, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu. Wa pili ukatoka mzima, mweupe, mrefu, na wa gunia kama ule mwingine.

Siku ya Idd, baada ya swala, tukapita kwenye pengo na sinia. Barazani walijaa watu. Mama Muhsini amevaa dera la kijani, anagawa chai. "Idd Mubarak," tukasema, akaitika, akapokea sinia, akakata mkate mbele ya wote bila kututazama. Tukapewa viti. Mama alikalia ukingo wa kiti chake.

Muhsini alikuwa wa kwanza kutafuna. Akatafuna taratibu. Akaacha kutafuna.

"Mama Dorine," akasema, kwa heshima kabisa, "mkate huu mbona kama si ule? Ule aliokuwa anakula mzee, siku zile, ulikuwa na uchachu fulani hivi. Mpaka leo naukumbuka. Ulikuwa unatia nini?"

Baraza lote likamgeukia mama. Mungu wangu! Naujua ule uso. Niliuona ukijikusanya, nikaona kifua kinapanda, nikaona mdomo unafunguka, na nilikuwa mbali, ng'ambo ya meza, nisingeweza hata kumfinya.

Mama Muhsini alikuwa amesimama karibu naye na kipande mkononi. Akakitia chote kwenye mdomo wa mama.

"Kula, mwenzangu," akasema. "Umeamka alfajiri kwa ajili yetu, hata chai hujanywa." Kisha akamgeukia mwanawe. "Mkate ni uleule. Mkono ni uleule. Ulimi wako ndio umeharibiwa na mikate ya mabasi." Watu wakacheka. Muhsini naye akacheka, akachukua kipande kingine, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya korosho.

Mama hakuweza kusema chochote, mdomo umejaa. Alitafuna machozi yanamshuka, na Mama Muhsini akaketi kwenye kiti cha pembeni yake, akachukua kipande cha mkate ule wa gunia, akakichovya kwenye chai, akala. Akachukua kingine. Kuna wakati nilimwona anamfuta mama shavu kwa ncha ya mtandio, haraka, kama anayefuta makombo.

Tulirudi kupitia kwenye pengo, na sahani ya pilau. Mama akaiweka mezani, akakaa.

"Mkate ule ni mbaya, Dorine," akasema.

"Ni mbaya, mama."

"Mwenzangu amekula vipande vinne. Nimehesabu."