Sanduku la Mke wa Daktari

Miaka yote aliyokaa London, watu walimwita mke wa daktari. Wazanzibari wa Walthamstow walimbishia mlango na vikohozi vyao na sukari zao, hata Jumapili, naye akawapa chai mpaka mumewe ashuke. Hakuna aliyemuuliza yeye anaumwa nini. Mimi, jirani yake, nilikuwa nikikereka kwa niaba yake.

Treni za chini ya ardhi hakupanda kabisa. Kwenda kwa dada yake Wembley tulibadilisha mabasi mpaka miguu ikavimba. Siku moja akanieleza: utotoni binamu zake walimfungia kabatini kwa mchezo, na tangu hapo mahali palipofungwa pakimkata pumzi.

"Nikifa, shoga, wasinitie sandukuni. Nataka sanda yangu na udongo, basi. Na daktari usimwambie, atanifanya mgonjwa wake."

Alifariki Februari, ghafla, kwa moyo. Wanawake tukamwosha, tukamvisha sanda. Sikuwa na wasiwasi. Kwetu jeneza ni la kubebea tu, hurudi tupu msikitini. Wanawake hatufuati maiti makaburini, kwa hiyo nilibaki jikoni kwake nikipakua wali.

Simu ikalia. Alikuwa mpwa wake, kijana aliyezaliwa hapa hapa. Mvua ilikuwa imejaza kaburi maji, kingo zinaporomoka, na wenye makaburi walisema lazima azikwe ndani ya sanduku.

"Mwambie daktari akatae!"

"Anti, it's too late. Ameshakubali. Wanamshusha sasa hivi."

Nilibaki na upawa mkononi. Ningemkimbilia nani? Hata njia ya kwenda huko sikuijua. Nililia kwa hasira: hasira kwa mvua, kwa wanaume wote, kwa siri niliyotunza vizuri kupita kiasi.

Waliporudi, viatu tope tupu, daktari alikaa kwenye kiti cha mkewe. Nikampa kahawa.

"Sanduku zuri, shemeji," akasema. "Mbao nzito, zimefungwa barabara. Maji hayapenyi. Unajua alivyokuwa haipendi baridi."

"Najua."

Akanywa kidogo, akatazama nje, basi lilikuwa linapita.

"Nilikuwa nikimwambia, panda treni, ufike haraka. Hataki! Alipenda basi, akae dirishani aangalie watu. Sivyo?"

"Ndivyo, shemeji," nikasema. "Alipenda kuangalia watu."