Mjomba Haji Alivyonunua PS kwa Mtani Wake

Mjomba wangu Haji ana mdomo unaotangulia kichwa. Sisemi mimi, anasema mama, na mama ni dada yake wa tumbo moja, kwa hiyo anajua.

Kazi yake ni kuuza maji. Ana toyo, ile pikipiki ya matairi matatu yenye bodi nyuma. Anapanga madumu, anateremka bondeni kuchota, anapanda nayo Newala, anazunguka mpaka Kitangari. Huku kwetu juu maji ni kitu cha kuagiza, kwa hiyo hakuna nyumba isiyomjua. Akifika anapiga honi, anaulizia watoto mmoja mmoja kwa majina, akikuta mgonjwa anaahidi ndizi, akikuta harusi anaahidi maji ya bure. Na shida yake ndo hiyo, yaani ahadi anatimiza. Akishasema kasema. Hata kama ameshajuta, utamuona tu kesho yake anakuja na mkungu wa ndizi juu ya madumu, uso umemkunjamana.

Sasa Desemba shule zilipofungwa, mdogo wangu Mujibu akapelekwa jandoni na wenzake. Siku ya kuondoka macho yalikuwa yamemtoka kama kuku kaona gari. Mjomba akamuonea huruma. Akasimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Mujibu, baba, kaza moyo. Siku ukitoka huko, mjomba wako nakupa PS."

Watu wakapiga vigelegele. Mujibu akacheka palepale, akaenda zake anarukaruka.

Kwa asiyejua, kwetu mjomba ni mjomba kweli. Baba anakulea, anakusomesha, hatumnyimi sifa zake, ila siku kubwa kama ile macho yote yako kwa kaka wa mama. Akiahidi mbele za watu halafu akaja mikono mitupu, anayeaibika si yeye peke yake, ni mama na tumbo lao lote. Na mawifi zake mama wanajua kukumbusha.

Watu walipotawanyika mama akamuuliza, "Haji, hiyo PS unaijua?"

"Si ule mpira wa kwenye TV."

"Unapatikana wapi?"

Mjomba akanigeukia mimi. "Shamila, mpira wa kwenye TV unapatikana wapi?"

Ndo nikaingia kazini. Nyumbani mambo ya gemu yote naulizwa mimi, maana nacheza kwenye simu na nikipata upenyo nacheza kwenye banda la gemu kule stendi, na wavulana wa pale wananijua, wanaumiaga. Nikamwambia, mjomba, usihangaike na PS hizi mpya. Zile kila siku zinataka intaneti, mara zijipakue upya, kwa mtandao wa huku kwetu zitamaliza Mujibu ameshaoa. Tafuta PS Two, ya zamani, unatumbukiza CD unacheza. Na CD zake mtaa mzima wanazo, watoto wanaazimana.

"Ya zamani bado inafanya kazi?"

"Mjomba, si wewe hapo wa zamani na unafanya kazi."

Akaridhika kabisa na hilo jibu.

Basi wiki ile Mujibu anatoka, tukapanda pikipiki ya rafiki yake, tukateremka Masasi kwa Selestini. Selestini ni Mmakua wa Lupaso, ana banda la gemu karibu na soko, na PS zilizotumika anauza. Yeye na mjomba wanajuana toka ujana, na ni watani. Sisi Wamakonde na Wamakua tuna utani wa toka enzi za mababu. Mtani anaweza kukutukana kwenye msiba wa baba yako, akamkamata kuku wako akaondoka naye, na ukinuna mwenye kosa ni wewe. Kwa hiyo nilijua siku itakuwa ndefu.

"Shikamoo," nikamsalimia.

"Marahaba mwanangu. Pole sana."

"Ya nini?"

"Ya kuwa na mjomba kama huyu." Akamgeukia mjomba. "Mmakonde, umeshuka mlimani umeaga lakini? Usishtuke ukiona maji yanatoka ukutani, huku tunaita bomba."

"Nimekuja kukuona kama bado hujafa," mjomba akajibu. "Nimeshakata na ubao wa jeneza, nikaona nipime kwanza na urefu."

Wakakumbatiana pale, wakacheka mpaka watoto waliokuwa wanacheza wakasimamisha mechi. Mjomba akaeleza shida yake. Selestini akaingia ndani akatoka na PS mbili, akaziweka kwenye benchi. Moja nyeusi, inang'aa, utadhani imetoka dukani leo. Nyingine ya rangi ya fedha, imechubuka, mfuniko umefungwa na utepe mweusi wa umeme kama mtu aliyevunjika mguu.

Selestini akaigonga ile yenye utepe. "Chukua hii. Usiangalie sura, ndani ni nzima kabisa. Hii nyeusi usichukue, mtani, jicho lake la kusomea CD limechoka. Ikiwa baridi inacheza vizuri, ikishapata moto inagoma. Itakuja kukuaibisha."

Na aliyasema yote hayo huku anacheka, maana yule mtu akikaa na mjomba mdomo haufungi.

Mjomba akamwangalia. Akaniangalia mimi. Akanikonyeza. "Umemsikia Mmakua? Kizuri anataka kubaki nacho, mimi nipeleke kilema mbele ya ukoo wangu wanicheke."

"Mtani, nakwambia ukweli."

"Lini umewahi?"

Selestini akacheka zaidi, na ndo akaharibu. Nikamwambia, mjomba, huenda kweli. Akaniambia, "Wewe wa juzi, Wamakua huwajui. Akikwambia kulia, wewe nenda kushoto utafika." Wakaichomeka ile nyeusi tuijaribu. Ikawaka, ikasoma CD, picha safi, nikacheza dakika kadhaa bila tatizo. Mjomba akakunja mikono kifuani kama hakimu.

"Inacheza haichezi?"

"Inacheza," Selestini akasema, "ila subiri ipate moto."

"Funga mzigo."

Ikafungwa na pedi zake mbili za kuchezea na CD za mpira. Njia nzima kupanda mlima mjomba anaimba.

Ijumaa, kesho yake Mujibu anatoka, tukaiwasha nyumbani ili tuone. Jirani wamejaa mlangoni. Kipindi cha kwanza kikaenda vizuri. Kipindi cha pili, katikati ya shambulizi, ikaanza kusagasaga ndani kama mtu anayetafuna mchanga, picha ikaganda, kioo kikawa cheusi. Tukazima, tukaipepea na ungo, ikawaka, tukacheza kidogo, ikagoma tena. Mama alikuwa anachambua mchele wa kesho, akaendelea kuchambua, ila taratibu sana.

Mjomba akampigia Selestini, simu iko kwenye sauti kubwa.

"Mtani, PS imegoma."

Huko upande wa pili kicheko. "Safi. Na mimi nimekufa jana, nakuongelea toka kaburini. Lete ule ubao."

"Siyo utani, Selestini. Kesho mtoto anatoka."

"Ulivyoikumbatia juzi kama bibi harusi? Hunipati, Mmakonde. Unataka nipande huko mlimani nikufurahishe, halafu nikute mnacheza." Akakata.

Nikarekodi video PS ikiwa inagoma, nikamtumia. Ikarudi sauti, anacheka hadi anakohoa, "Shamila mwanangu, mwambie mjomba wako CD airudishe ndani, nimeona kaichomoa." Mjomba akapiga tena na tena. Kila akiapa, mwenzie anazidi kufurahi. Kadiri alivyolia ndivyo utani ulivyonoga.

Mjomba akakaa chini kwenye kizingiti, kofia kaiweka gotini. Jua lilikuwa bado lipo juu, lakini Masasi siyo jikoni, na kingine cha kununua Newala palepale hakikuwepo, nilishauliza mabanda yote.

Ndo mama akaongea, bila kuinua macho kwenye mchele. "Mtani hamwamini mtani. Mtafutie mtu asiyeweza kutaniana naye."

"Nani?"

"Mkewe nani?"

"Veridiana. Mmakonde mwenzetu, wa Kitangari, mama yake ndo yule Bi Winfrida ninayempelekea ma..." Mjomba hakumaliza. Alishasimama, kofia kichwani imegeuka.

Tukaenda na toyo, madumu matupu yanagongana nyuma kama ngoma. Bi Winfrida tulimkuta uani anageuza mihogo aliyoianika. Ni mama mmoja mnyoofu, hacheki ovyo. Mjomba akamwamkia kwa adabu zote, akamweleza. Yeye akajifuta mikono kwenye kanga, akapokea simu ya mjomba, akaishika mbali kidogo na sikio.

"Selestini."

"Ehee," Selestini akaitikia kwa raha. "Haji, hongera, leo sauti ya mama mkwe wangu umeipatia sawasawa. Ongea tena."

"Mimi ndiye mama mkwe wako."

Kicheko kikakatika. Nilisikia hata watoto wanaocheza gemu kule bandani kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umemuuzia mwanangu Haji chombo kibovu?"

"Mama, nilimwambia kwamba ni kibovu."

"Ulimwambia ukiwa unacheka, au ulikuwa hucheki?"

"Nilikuwa nacheka, mama."

"Basi hujamwambia. Kesho asubuhi upande na kizima." Akamrudishia mjomba simu, akaendelea na mihogo yake. Mjomba akamuahidi maji ya wiki mbili bure. Unaona huo mdomo.

Jumamosi ngoma zikaanza mapema. Wali, yaani watoto wa jando, wakatoka wamevalishwa nguo mpya, miwani myeusi, mwavuli juu, poda usoni. Mujibu kanenepa, anatembea polepole kama mkuu wa wilaya. Ndugu wakaitwa mmoja mmoja kutoa zawadi: huyu kitambaa, huyu daftari na begi, huyu jogoo. Mjomba kwenye mkeka na kanzu yake nyeupe, mikono mitupu, jasho linamtiririka. Shangazi yangu Faidha, yule wifi yake mama mwenye sauti, akauliza kwa nguvu, "Na mjomba je, au alikuwa anatupigia hadithi?" Mama akainamia sufuria.

Ndo tukasikia pikipiki. Selestini kashuka na boksi, kajaa vumbi mpaka kope. Hakumpa mjomba. Aliwapita wazee wote, akaenda kujikalisha mkekani katikati ya wali, akajipaka poda, akasema, "Na mimi natoka leo. Zawadi zangu ziko wapi?"

Watu hoi. Hakuna wa kumtoa, mtani hatolewi.

"Mtani, nipe hilo boksi," mjomba akamwomba.

"Ile ya utepe imenunuliwa juzi na watu wa Makote, wao wanasikia wakiambiwa. Hii nimeichomoa bandani kwangu, watoto nimewaacha wanalia. Unaitaka?"

"Naitaka."

"Simama uwaambie ndugu zako nani alikwambia ukweli."

Mjomba akasimama. Akasema kitu chini chini.

"Sauti, hata Masasi wasikie."

"Mmakua alinieleza ukweli," mjomba akasema kwa nguvu, "na mimi Mmakonde sikusikia."

Pakalipuka. Vigelegele, makofi, wazee wanapigana mabega. Nilirekodi, na mpaka leo nikitaka soda kwa mjomba naifungua tu ile video. Selestini akampa boksi kwa mikono miwili, bila kucheka safari hii, na mjomba akalipeleka mpaka kwa Mujibu, akapiga goti, akamkabidhi. Shangazi Faidha alikuwa wa kwanza kupiga kigelegele. Mama nilimuona anajifuta macho, akasingizia moshi.

Mchana tukatoa TV nje, waya umepita dirishani. Tukaiacha inacheza mpaka ikapata moto kabisa, mechi baada ya mechi, haikusaga hata mara moja. Mujibu akamwita mjomba wacheze wote. Mjomba, ambaye hajawahi kushika pedi, alikuwa anainama na mwili mzima kila akipiga kona, akajifunga mabao mawili, akamlalamikia Selestini kuwa hata hii ni mbovu, inampigia golini kwake mwenyewe. Selestini hapo alikuwa anakula sahani ya tatu ya pilau letu.

Katikati ya hiyo kelele mdogo wetu wa mwisho, Uwesu, bado hajaanza shule, akaja akamvuta mjomba kanzu.

"Mjomba, na mimi nikienda jandoni utanipa nini?"

Mjomba akaweka pedi chini. Akamtazama yule mtoto, uso ukamlainika, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Mama akawahi. Alikuwa amepita na sahani, akachota tonge la pilau na paja la kuku juu, akamjaza mjomba mdomoni.

"Tafuna kwanza," akamwambia.