Safu ya Mlezi

Miaka ile ya ugonjwa nilifanya kazi Bukoba, kwenye mradi wa yatima. Kazi yangu ilikuwa kuhamisha majedwali. Kompyuta ya Muleba ilikuwa na majina ya watoto, na ya Bukoba ndiyo iliyotoa karo. Disketi ililetwa na basi, na programu niliyoiandika mwenyewe ikanakili. Mtoto ambaye jina lake halikufika Bukoba hakulipiwa shule.

Shule zikikaribia kufunguliwa, programu ikakwama. Nilibadilisha mistari, nikaanza upya, nikaitukana mashine mpaka wenzangu wakanicheka. Kila mara ilisimama kwenye nyumba ileile: mlezi hayumo katika jedwali la walezi. Nilipoangalia, mlezi aliyetajwa na bibi kwenye fomu ya watoto ni baba yao, na karani wa Muleba alikwisha kumfuta baada ya mazishi.

Nikapanda gari kwenda Muleba, nimenuna, kumwuliza bibi yao kwa nini alimtaja marehemu.

Bibi alinipeleka nyuma ya nyumba, ndani ya kibanja, shamba la ukoo, akanionyesha kaburi kati ya migomba. Udongo ulikuwa bado haujashuka.

“Mwenye nyumba si huyu hapa?” alisema. “Amehamia wapi?”

Mimi ni Mhaya. Nilijua kwamba anayelala kibanjani ndiye mwenye kibanja. Mashine ndiyo haikujua.

“Basi nikuandike wewe, Mukaka,” nilimwambia, kama wajukuu wake wanavyomwita.

“Mwana wange, ukiniandika mimi utarudi tena kufuta. Andika huyu.”

Alimshika bega mjukuu wake mkubwa, msichana wa darasa la nne, aliyembeba mdogo wake mgongoni. Msichana aliniamkia kwa heshima, akaendelea kumbembeleza mtoto. Nilitaka kukimbia, nasema kweli.

Niliporudi Bukoba nikamwingiza. Programu ikamkataa. Nilikuwa nimeiwekea sharti kwamba aliyemo kwenye jedwali la yatima asiwemo kwenye lile la walezi, maana nani angefikiria kitu kama hicho? Nilikaa mbele ya kioo cha kompyuta, nikalisoma sharti lile tena. Kisha nikalifuta sharti, na watoto wa nyumba ile wakapita wote, karo ikatoka.

Karani akasikia kwamba sasa inawezekana. Disketi zilizofuata zikaja na walezi wa darasa la tano, wa darasa la tatu. Programu haikukwama tena, na kila nilipoianzisha nilikuwa naomba ikwame.