Benchi la Kalamu

Kadi za kwanza nilizikata kutoka maboksi ya sabuni niliyopewa na mwenye duka pale mtaani Huruma. Nilikuwa nikifundisha darasa la pili, na watoto walichanganya maneno yanayokaribiana kwa sauti, kila mmoja kwa jinsi ya lugha ya kwao. Nikaamua kuchora. Kadi moja ilikuwa na kalamu, na mwenzake karamu: sufuria kubwa na watu wakila. Nyingine zilikuwa goti na koti, shoka na soka. Mtoto akisema neno, niliinua picha ya kile alichotamka, si kile alichokusudia. Darasa lilicheka, naye alirudia mpaka nikainua picha aliyoikusudia. Walijifunza upesi, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Ili kurahisisha kazi, niliwakalisha kufuata makosa yao. Waliokosea kalamu walikaa benchi moja, waliokosea goti benchi lingine, na wa shoka nyuma karibu na mlango. Kila benchi lilikuwa la jamii moja, na nilijua. Nilijiambia kwamba sikutaja kabila la mtu, nikaona hiyo ndiyo busara. Uwanjani watoto wakaanza kuitana hivyo hivyo: wewe wa kalamu, wewe wa goti. Niliwasikia nikatabasamu. Miaka ikapita, madarasa yakabadilika, mabenchi yakabaki vile vile.

Ghasia za baada ya uchaguzi zilinikuta njiani, nikirudi kutoka Kapseret kutafuta maziwa. Vijana walikuwa wameziba barabara kwa mawe. Hawakuuliza kitambulisho. Walitaka tu mtu aseme maneno machache wasikie lafudhi yake. Nilipowasalimu, mmoja wao, ambaye nilimfundisha zamani, alicheka.

"Mwacheni apite," akawaambia wenzake. "Mwalimu ni wa benchi letu."

Nilipita. Nyuma yangu palikuwa na mwanamume mwenye baiskeli, nami sikugeuka kuona kama naye alipita. Jioni ile nilipiga magoti nikamshukuru Mungu kwa kuniokoa. Nimeomba maombi mengi maishani. Lile natamani lisingalisikika.

Shule ilipofunguliwa, benchi la kalamu lilikuwa na msichana mmoja tu. Familia yake ilikuwa bado inalala kwenye hema, katika kambi ya waliofukuzwa makwao. Nilimkalisha pale pale, peke yake, kwa sababu ndipo palipokuwa mahali pake. Nikainua kadi. Hakufungua kinywa. Nikangoja, maana najua kungoja, lakini siku tatu zilipita bila neno, na ya nne hakuja.

Mama yake ndiye aliyekuja. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mtoto hataki kurudi, Mwalimu. Anasema akiongea watamjua."

Nikamuuliza ni nani watakaomjua.

"Si wewe uliwafundisha kujuana?"

Hakusema kwa hasira. Nilimwambia tu amrudishe kesho, nitampangia mahali pengine.

Asubuhi niliwachanganya wote. Watoto waliniuliza kwa nini. Hapo ndipo ningewaomba msamaha, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Badala yake nikawaambia mabenchi ni machache.

Msichana alirudi, akakaa na mtoto mmoja wa goti. Niliwaachia kadi wachezee wenyewe. Wiki kadhaa baadaye nilisikia sauti ndogo, wakiulizana: hii ni nini, na hii? Mmoja akikosea, mwenzake alimgeuzia picha, wakacheka wote wawili. Nilisogea kwa furaha. Msichana aliponiona, akanyamaza, akaifunika kadi kwa kiganja.

Tangu siku hiyo sikuenda tena karibu na benchi lile. Nilisimama ubaoni nikiwa nimewapa mgongo, nikiandika polepole kuliko ilivyohitajika, ili aendelee kusema.