Somo Yangu Katika Kambi ya Malale

Tulipewa jina moja, mimi na yeye, na kwetu Rumonge, mji wa kando ya ziwa katika nchi ya Warundi, wanawake wenye jina moja huitana somo. Tangu utoto hatukuitana vingine. Baba zetu walivuka ziwa kutoka upande wa Umanyema na biashara yao ya chumvi, wakajenga ukuta kwa ukuta. Tulisoma chuo kwa mwalimu mmoja. Mimi nilitoka na sura za kusalia tu, lakini yeye alihitimu Kurani nzima, na baba yake akachinja mbuzi. Siku hiyo nilitembea mtaani kifua mbele kana kwamba nimehitimu mimi.

Tukaolewa. Mume wake alifariki mapema, akabaki anakamua mawese na kuuza. Mimi sikujaliwa mtoto, lakini niliishi vizuri na mume wangu mpaka malale yalipoingia kwetu.

Wazee wanaoukumbuka ugonjwa ule bado wanauogopa. Mtu alisinzia mchana, tonge mkononi. Wajerumani waliamuru vichaka vyote vya kando ya ziwa vifyekwe kwa sababu ya mbung'o, inzi wanaoueneza, kisha wakaleta askari na msaidizi wa daktari, wakapita nyumba kwa nyumba wakipapasa watu shingo kutafuta dalili. Shingo yangu ilikuwa na vivimbe. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu muda mrefu, na nilikuwa nikilala hata jungu likiwa motoni.

Mume wangu alinirudisha kwa kaka yangu siku ileile. Wifi yangu akanitandikia mkeka nje, nyuma ya jiko, akanitengea kikombe changu peke yangu. Siwalaumu. Waliogopa kama kila mtu.

Somo alikuja akitoka kukamua, mikono myekundu kwa mawese. Akatazama mkeka, akatazama kikombe. Akakijaza uji, akanywa yeye kwanza mbele ya wifi yangu, kisha akanipa.

"Kunywa, somo. Bado iko moto."

Sisi wagonjwa tukapakiwa kwenye mitumbwi kupelekwa kambini, upande wa Kabezi. Nilipokaa nikamwona naye anaingia na sufuria yake na mkeka wa kusalia. Askari akamzuia.

"Wewe mama si mugonjwa. Shuka!"

"Hawa watu watakula nini huko?"

"Iko chakula kambini."

"Na mupishi iko?"

Watu waliokuwa wakilia ufukoni wakaanza kucheka, askari naye akacheka, akamwachia njia. Njiani nilimwuliza, "Somo, kwa nini unajitia katika mauti haya?" Akaniambia, "Mungu hakunipa afya hii nikae nayo nyumbani."

Kambini kulikuwa na vibanda vya nyasi na harufu ya dawa. Tulidungwa sindano, na dawa yenyewe ilikuwa kali, wengine iliwapofusha. Somo alipika, akafua, akawashika mkono waliopotewa na akili ili wasifungwe kamba. Kila alfajiri niliisikia sauti yake akisoma, na wagonjwa wasiojua hata neno moja la Kiarabu walinyamaza wakamsikiliza.

Lakini maiti walikuwa wakizikwa jinsi walivyo, bila kuoshwa. Hilo hakuweza kulivumilia. Alikwenda kwa daktari Mjerumani, nami nikajikokota nyuma yake, maana sikutaka aende peke yake. Mkalimani alimwonya kwamba bwana mkubwa ana hasira.

"Mwambie hivi," Somo akasema. "Wanawake wanaokufa hapa nitawaosha mimi."

Daktari akajibu, mkalimani akageuza: "Anasema utaugua."

"Nikiugua, sindano si ziko hapa hapa?"

Yule Mzungu akakubali kwa kichwa, akaagiza apewe maji na vipande vya marekani, kitambaa cha sanda. Nilisimama pale, na moyoni nikajisemea: huyu ni somo yangu.

Aliwaosha wanawake wa Kiislamu kwa utaratibu wetu. Warundi wa milimani hakuwalazimisha dini ambayo hawakuishi nayo. Aliwauliza wenzao, "Kwenu munafanyaje?" akawasaidia kufanya hivyo. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa amepofushwa na dawa na hakuna ndugu aliyemfuata. Somo alimwongoza mkono kila mahali, na mimi nilipopona, tukarudi Rumonge watatu.

Kwa mume wangu nilikuta mke mwingine. Somo hakunipa nafasi ya kuhuzunika mlangoni pa watu. "Nyumba iko," alisema, akanishika bega. Tukaishi hivyo nyumbani kwake, yeye, mimi na yule mama kipofu, tukikamua mawese na kuanika ndagala, vile visamaki vya ziwani. Yule mama hakusilimu, na Somo hakumsumbua hata siku moja. Wakati wa sala alimsogezea kigoda karibu na mlango apate upepo.

Somo alikufa kwa homa ya kifua, bendera ya Wajerumani ikiwa bado inapepea. Hakuumwa sana. Alinishika mkono, akatoa shahada kwa sauti inayosikika, akaenda. Nilimwosha mimi kwa mikono hii, yule mama kipofu akinimiminia maji taratibu, akimshukuru kwa Kirundi, "Murakoze, murakoze."

Sikutarajia watu wengi mazikoni. Tulikuwa wauza mawese tu. Lakini habari ilitembea, wakaja kutoka Kigwena, wakateremka kutoka milimani watu niliowaona mara ya mwisho wamelala kambini. Walisimama kando, maana sala yetu hawaijui. Mwalimu aliyeongoza sala akawageukia, akasema, "Sogeeni karibu. Huyu alikuwa wenu pia." Wakasogea. Jeneza likapita juu ya mikono ya watu waliokuwa na dini na wasiokuwa nayo, wavuvi, wakulima, hata askari mmoja.

Waliporudi kutoka makaburini, wanawake waliniletea chakula wakidhani nitakikataa. Nilikula, nikaomba kingine. Kati ya tonge na tonge niliwasimulia habari ya daktari na sindano, nikiigiza sauti yake, nao wakacheka huku wanafuta machozi. Kilio changu kilikuja baadaye, na kilikuwa kirefu. Lakini siku ile nilikuwa na fahari kubwa kiasi kwamba huzuni haikupata mahali pa kukaa.